Mshale Unaotembea Wenyewe

Jumatatu, 2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na dereva wa vitambaa amenifikishia shati ulilonishonea. Limenikaa vizuri, ila mikono imezidi kidogo, nimeikunja.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaniweka spika, na wateja wako wananisalimu mmoja mmoja mpaka salio linakwisha kabla sijasema shida yangu. Dereva amekubali kutubebea barua kila akija kuchukua vitambaa huku, na barua haina wasikilizaji.

Shida ni hii. Ile kompyuta kubwa niliyoiacha kwenye chumba chako cha kushonea, usiizime kabisa. Najua inavuma na inatoa joto. Lakini laptopu niliyo nayo huku ni nyepesi, na wepesi wake umefika mpaka kichwani. Ukiipa kazi nzito inaganda. Kwa hiyo nimeziunganisha. Kompyuta kubwa inafanya kazi huko kwako, na picha yake inanifikia huku kwa intaneti. Nikigusa kipanya huku, mshale unatembea huko. Yaani mwili uko kwako, vidole viko kwangu.

Sasa kila jioni inakatika ghafla, halafu inanibidi nikupigie nikuelekeze upya namna ya kuiwasha. Nadhani ni pasi. Naomba usiichomeke soketi moja na kompyuta. Hizi ni kazi za ofisi, Shangazi, na bosi wangu hapendi kungoja.

Skrini niliizima mwenyewe siku naondoka, kwa hiyo usihangaike nayo.

Mwanao,
Msumari


Ijumaa, 6 Machi

Msumari,

Marahaba. Mikono haijazidi. Nilikushonea kwa kipimo ulichoondoka nacho, sasa mwenye mikono ndiye aliyepungua. Kula.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti maana Mama Pacha alikuwa hapa akingoja blauzi yake. Kuhusu pasi, chumba changu kina soketi mbili na fyuzi moja. Nikihama soketi, fyuzi haijui kama nimehama. Pasi ikiingia tu umeme wote unaruka. Na nguo isiyopigwa pasi haitoki kwa fundi, mteja ataivaa kama imetolewa mdomoni mwa ng'ombe. Ungenikuta enzi za ile pasi ya mkaa ya marehemu bibi yako, hii inayozuia mlango usijifunge, tusingegombana. Lakini enzi zimepita na mimi mgongo umepita nazo. Mwambie bosi wako apumzike jioni.

Lile jicho ulilobandika juu ya skrini nimelifunika kwa kipande cha bitana. Wateja wangu wanavua nguo humu.

Swali moja la mtu asiyejua. Hivi karani wa stoo anahitaji mashine inayovuma kiasi hiki? Stoo ya huko mnahifadhi ndege?

Shangazi yako


Jumapili, 15 Machi

Wifi yangu mwenye maneno mengi,

Hujambo na mjukuu? Umekwenda kulea mwezi mmoja, naona umehamia kabisa. Sawa, kaa, mimi nakulindia mwanao Msumari. Na ndiye ninayekuandikia habari zake. Soma ukiwa umekaa.

Ile kompyuta yake aliniambia niiache inawaka kwa ajili ya kazi za ofisi. Skrini aliizima. Siku moja napangusa vumbi, nikabonyeza sijui nini, ikawaka. Nikaona mtu kavaa chuma kuanzia kichwani mpaka miguuni, anakimbia na upanga kwenye daraja. Mbele yake limesimama dude lenye kichwa kama kabati. Dude likampiga pigo moja akafa. Akafufuka, akakimbia tena, akafa tena. Wifi, mwanao alikufa mpaka nikapoteza hesabu, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nakunja pindo la suruali moja.

Mimi ni fundi wa nguo, si fundi wa ujinga. Gemu nikiliona nalijua. Nikasema huyu ananifanya mtoto, nami nitamwonyesha. Ndiyo maana kila jioni nilikuwa nachomeka pasi hata kama nguo ya kupiga sina. Nilicheka sana, sikufichi. Siku hizi Mama Pacha anakuja na kigoda chake, na yule bi harusi mtarajiwa kila siku anasema gauni linambana ili arudi kupimwa. Wote wanakuja kumtazama mwanao akifa.

Basi Jumanne iliyopita, asubuhi, saa ambazo watu wako makazini, mshale ukaanza kutembea wenyewe. Nikajiuliza, stoo kamwachia nani? Akafungua ukurasa mweupe, akaanza kuandika, herufi moja moja mbele ya macho yangu. Maombi ya kazi. "Tangu tawi letu lilipofungwa mwezi wa kwanza," akafika hapo akasimama. Akafuta. Akaandika tena maneno yaleyale, akafuta. Kisha akarudi kwa lile dude kufa.

Wifi, kazi hana. Mwezi wa tatu huu. Na kila barua ananiandikia bosi hivi, bosi vile. Niliwaambia wateja wanipishe, nikakaa juu ya marobota ya vitambaa, nikalia.

Nakuomba usimwambie kama tunajua. Namfahamu huyu, ni kaka yangu mtupu. Akigundua aibu yake ina watazamaji ataizima hiyo mashine, na hapo hatutajua kama kala wala kama kalala. Sasa hivi angalau mshale ukitembea najua yu hai.

Wifi yako


Alhamisi, 19 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku mambo yanakwenda vizuri mno. Juzi bosi kanisifia mbele ya wenzangu wote, kasema nina uvumilivu. Kuna tetesi kwamba nitapandishwa cheo, ila usizitangaze, tetesi ni tetesi.

Halafu umeme umetulia. Wiki nzima sijakatika hata mara moja. Naona shirika la umeme limeamua kufanya kazi yake, tuwashukuru.

Kula nakula. Hilo usiniulize tena.

Msumari


Jumatatu, 23 Machi

Msumari,

Marahaba. Hongera kwa kusifiwa. Uvumilivu unao kweli, hata mimi naweza kusimama shahidi.

Huku nimepata mkosi. Gauni la bi harusi limetoboka, tundu dogo la cheche kwenye pindo, na kila nguo nyeupe inatoka na majivu. Nimelifunika tundu kwa ua la kitambaa, na yeye akasema limependeza, anataka na mengine. Basi nimemtilia tisa.

Nina neno la kiufundi nataka nikupe. Mtu akianza pindo alimalize. Pindo lililoachwa nusu ndilo linalomwangusha mwenye gauni mbele za watu. Sijui kwa nini nakuandikia hivi, labda kuna kitu umekianza hukukimaliza. Na kama kitu hicho kina siku ya mwisho ya kupokelewa, tuseme Ijumaa hii, mfano tu, basi kitumwe kabla ya Ijumaa.

Mama Pacha anakusalimu. Anasema ukifika kwenye daraja lolote katika maisha yako, usikimbilie katikati.

Shangazi yako


Ijumaa, 27 Machi
(Kwenye skrini ya kompyuta kubwa, ukurasa mpya)

WEWE NI NANI? Toka kwenye kompyuta yangu sasa hivi.

Nakuona. Nimeitupa barua yangu ya maombi pipani mara tatu, na mara tatu umeitoa ukairudisha mezani. Ukiuvuta mshale hivyo nitaita polisi.

ngoja natafuta herufi

Mwizi gani wa mitandao anatafuta herufi?

shangazi yako

Shangazi yangu yupi?

uliye naye

Shikamoo.

marahaba. iache hiyo barua

Shangazi, kwani unaiona skrini?

tunaiona

TUNAIONA?

mama pacha anasema shikamoo yake iko wapi

Tangu lini?

tuma kwanza

Sitatuma. Nimeisoma tena, haina kitu. Mtu aliyefungiwa tawi na kukaa ndani miezi yote hii, nani atamchukua? Niache niifute.

nimeshika kipanya. ukifuta narudisha. mimi nimeshona tangu hujazaliwa sichoki mkono

Shangazi.

saa za ofisi zinakwisha

Nimetuma.

tumeona


Jumamosi, 28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianze na hasira au nianze na aibu, zote ziko mlangoni zinagombea kuingia.

Nilidhani niko peke yangu chumbani. Kumbe niko jukwaani, na Mama Pacha ana kiti cha mbele. Ulijua tangu mwanzo, ukanipongeza kwa kusifiwa na bosi.

Sikukuambia kwa sababu siku ile naondoka ulifunga duka. Hujawahi kufunga duka, hata ulipougua. Mtaa mzima ukanisindikiza na sanduku langu la nguo kama naenda kuapishwa. Ningerudije kukuambia nimekaa kazini miezi mitano tu, halafu wakafunga mlango? Nilitaka kwanza nipate kazi nyingine, kisha nikuambie la kupoteza na la kupata siku moja, ili lisikuume.

Nakuuliza, na unijibu ukweli. Mliona kila kitu? Hata siku niliyotafuta namna ya kupika wali usiungue?

Msumari


Jumatano, 1 Aprili

Msumari,

Tuliona. Na wali huo uliungua, maana kesho yake ulitafuta namna ya kusugua sufuria.

Hasira yako naipokea, ni haki yako. Aibu siipokei, irudishe ulikoitoa. Tawi wamelifunga wao, hukulifunga wewe. Na duka langu nitalifunga tena siku nikitaka, ni langu.

Ule wito wa usaili uliofika jana jioni nimeuona kabla yako. Nilizungusha mshale kukuita lakini hukuwepo. Jumatano ijayo, saa nne asubuhi, kwa njia ya kompyuta. Nimewaambia wateja siku hiyo hakuna kupima wala kupimwa. Mama Pacha peke yake ndiye atakayeingia, na ameapa atanyamaza.

Mashine yako nimeipangusa yote. Hata lile jicho nimelivua kitambaa nikalisugua kwa spiriti. Mtu haendi kuomba kazi na jicho lenye vumbi.

Vaa tai.

Shangazi yako


Jumatano, 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nilivaa tai. Nataka hilo lijulikane kabla ya yote.

Nilikaa, nikachana nywele, nikabofya ule wito. Lakini laptopu hii si laptopu, ni dirisha tu la kutazamia mashine iliyoko kwako, na nimeizoea mpaka nimesahau. Kwa hiyo mkutano ukafungukia huko. Kamera iliyowaka ni ile uliyoisugua kwa spiriti. Watu watatu wenye suti wamekaa wakimngoja kijana mwenye tai, wakamwona mwanamke mwenye pini mdomoni na sanamu la kushonea lisilo na kichwa.

Nilikuwa nasikia yote na siwezi kusema hata neno, kama maiti kwenye mazishi yake. Yule mama mwenyekiti akakuuliza, "Wewe ndiye mwombaji?" Nikautikisa mshale kila kona ili uondoke. Nawe ukatoa pini mdomoni ukamwambia, "Mwombaji ni huu mshale hapa. Leo una wasiwasi kidogo."

Nikakimbilia simu nijiunge kwa njia nyingine, mtandao ukagoma, ya katikati sikuyasikia. Niliporudi nikamkuta Mama Pacha, aliyeapa kunyamaza, anawaeleza habari za dude la darajani. Anawaambia, "Huyu kijana anakufa sana, lakini hakati tamaa." Nikaandika haraka, MIMI NIKO HUKU SAMAHANINI. Wewe ukawasomea kwa sauti. Wakaaga.

Kazi hiyo tuisahau. Sikulaumu, nataka ujue hivyo. Kosa la kubofya ni langu.

Msumari


Jumatatu, 13 Aprili

Ndugu Mwombaji,

YAH: NAFASI YA MSAIDIZI WA WATUMIAJI WA KOMPYUTA

Rejea usaili uliofanyika tarehe 8 Aprili, ambapo wewe hukuonekana.

Kama tangazo lilivyoeleza, mwenye nafasi hii atawasaidia watumishi wetu walioko kwenye matawi ya mbali, kwa simu na kwa kuziendesha kompyuta zao akiwa mbali. Wengi wao ni watu wazima, hawapendi kompyuta, na hawapendi kuelekezwa. Mtangulizi wako alikuwa na ujuzi mkubwa, akaondoka baada ya kumfokea mhasibu mkuu.

Wasailiwa wote walituambia kwamba ni wavumilivu. Wewe pekee ndiye uliyekuwa na shahidi. Mama tuliyemkuta alieleza kwamba ulimfundisha kwa simu namna ya kuiwasha mashine kila umeme uliporuka, na kwamba wateja wake walikuwa wakikukatiza kukusalimu, na kwamba ulirudia maelezo yaleyale siku baada ya siku bila kupandisha sauti. Aliongeza kuwa siku nyingine aliukata umeme kwa makusudi. Alisema, "Mimi si mwanafunzi mwepesi. Ningekuwa yeye ningekata simu."

Tulimuuliza kama bado umeme unaruka. Akainuka akaenda mlangoni, akarudi na pasi ya mkaa, akatuonyesha. Alisema tangu alipofahamu kwamba huna kazi hajachomeka pasi ya umeme hata mara moja. Mjumbe mmoja alitaka kujua sababu. Kumbukumbu za kikao zina jibu lake kama alivyolitamka: "Kazi imeshamkatikia. Na mimi tena nimkatie umeme?"

Umeajiriwa. Utaripoti Jumatatu, tarehe 20 Aprili. Tunakuomba kazi za ofisi zisipitie kwenye kompyuta ya chumba cha kushonea kwa namna yoyote ile.

Mwenyekiti wa kikao anauliza pia kama mama huyo anashona suti za kike.

Mkuu wa Utumishi


Jumatano, 15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata. Barua yao naiambatisha uisome, ukimaliza umsomee Mama Pacha, maana najua utamsomea tu.

Pasi ya mkaa, Shangazi? Ile ya mlangoni? Na mgongo wako huo? Umeniandikia habari za cheche na majivu, na mimi nimekaa hapa nalishukuru shirika la umeme.

Nimelia. Huku hakuna skrini ya kunionyesha, ndiyo maana nakuandikia.

Msumari


Jumanne, 21 Aprili

Msumari wangu,

Marahaba, na hongera, mwanangu. Mama yako nimemwandikia, atakuwa ameshapiga vigelegele mpaka mtoto kaamka. Mwambie mwenyekiti wako suti nashona, aje na kitambaa chake na asije na haraka.

Habari ya pasi hukutakiwa kuijua. Nyie watu wa ofisi mkiulizwa kitu mnakiandika. Mgongo wangu haujambo. Mkaa unachafua lakini unapiga mkunjo vizuri kuliko umeme, hilo nilikuwa nimelisahau.

Sasa pasi ya mkaa imerudi mlangoni, maana mchana uko kazini na mashine imelala. Chumba kimekuwa kimya. Jana nimeinua macho kwenye skrini mara nyingi, mshale umesimama palepale, nikajisemea huyu yuko kazini, ndivyo inavyotakiwa, nikarudi kushona. Lakini sikufichi, nimeuzoea.

Jioni sipigi pasi. Nakuambia tu, ujue.

Shangazi yako


Ijumaa, 24 Aprili
(Kwenye skrini ya kompyuta kubwa, ukurasa uleule)

Shangazi, mpo?

tupo. mama pacha amekaa. bi harusi ameshaolewa lakini naye yupo

Shikamooni. Nimetoka kazini sasa hivi. Leo nimemsaidia mhasibu mkuu, kaniita mwanangu.

marahaba. haya ingia darajani watu wanangoja

Naingia.

bega la kushoto la hilo dude linashuka kabla halijapiga. napima mabega kila siku nalijua

Kushoto kwake au kushoto kwangu?

ngoja tunajadiliana

Nimekufa tena.

tumeona. nenda kale kwanza